Vidonge Ndani ya Kopo la Misumari

Palikuwa na fundi mwashi ambaye wenzake walimpa jina la Timazi. Timazi ni ile kamba yenye chuma mwishoni, ambayo mafundi hupimia ukuta. Kuta za fundi huyu hazikupinda hata kidogo, ndipo jina likamganda.

Lakini mganga hajigangi, jamani. Nyumba za watu alizijenga zikapendeza, huku mke wake mwenyewe akipikia nje, chini ya bati moja. Mvua ikinyesha, moto unazimika. Miaka sita!

"Mwaka huu nakujengea jiko, mama watoto," alisema kila mwaka.

"Haya, baba. Tutaona," mkewe alijibu kila mwaka.

Mwaka huu alianza kweli. Alichimba msingi, akapanga safu tatu za tofali. Siku moja alipokuwa akibomoa mbao za zamani, msumari ukamchoma kiganja cha kulia. Alijifuta damu, akaendelea na kazi.

"Msumari mdogo tu huu," alisema.

Siku ya tatu mkono ulivimba, ukawa wa moto. Akaenda zahanati. Walimsafisha kidonda, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa vidonge vya siku saba.

"Umalize vyote," daktari alimwambia.

Siku ya kwanza alimeza. Usiku ule homa ilipanda na mkono ukazidi kuvimba. Timazi alifikiri sana, akafikia uamuzi wa kifundi. Kabla ya dawa, homa ilikuwa ndogo. Baada ya dawa, homa kubwa. Basi kosa ni la dawa! Akavitia vidonge vilivyobaki ndani ya kopo lake la misumari, akafunika. Hakumwambia mkewe.

Siku mbili alijenga kwa mkono wa kushoto, meno ameyauma kwa maumivu. Siku ya tatu akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alifanya kazi katika maabara ya hospitali, na utani hakuuacha nyumbani hata siku moja.

"Shemeji!" alicheka. "Huu ukuta umelewa? Mbona umeegemea upande?"

Timazi alitazama. Kweli, ukuta ulikuwa umepinda. Ukuta wake yeye! Aliona aibu, akauficha mkono wa kulia mgongoni. Shemeji akaacha kucheka.

"Nionyeshe mkono."

Kiganja kilikuwa kimejaa usaha. Mkewe alipokiona alishika kichwa.

"Dawa ulimaliza?" aliuliza shemeji.

Timazi alinyoosha kidole kwenye kopo la misumari.

Hawakungoja chai. Hospitalini daktari alitoa usaha, akampa dawa upya. "Ungekawia zaidi, vidole hivi visingekunjika tena," alisema. Timazi aliogopa. Fundi asiyeweza kushika mwiko atawalisha nini wanawe?

Waliporudi nyumbani akalalamika. "Lakini shemeji, dawa ndiyo iliyonipandishia homa. Niliona mwenyewe."

"Homa uliiona. Sababu yake hukuiona," alijibu shemeji. "Sikiliza, hii ni kazi yako. Bakteria, wale vijidudu kidondani, kila mmoja amezungukwa na ukuta. Dawa uliyopewa inamharibia ujenzi. Ukuta wake unapasuka, anakufa. Ukibomoa ukuta, kinabaki nini?"

"Vipande. Na vumbi."

"Ehe! Hata vya bakteria vinabaki. Sasa ndani ya damu una askari, seli nyeupe. Wakigusa kipande cha ukuta ule, wanajua adui yupo. Wanaitana. Damu inakimbilia pale. Mkono unavimba, unapata joto, na mwili unapandisha homa."

"Kumbe ni mwili wangu wenyewe?"

"Ni wewe unapigana. Siku ya kwanza au ya pili bakteria wengi wanabomoka pamoja, kwa hiyo vurugu inaweza kuzidi kabla ya kutulia. Wewe ukaacha kazi katikati. Waliobaki wakazaana upya."

"Nimewapa likizo," alisema Timazi, akacheka kwa uchungu.

"Na mshahara juu! Ila vurugu ikizidi sana inaumiza mwili. Kwa hiyo hatupuuzi."

Shemeji akachukua kalamu, akachora mstari kwenye mkono, mahali uvimbe ulipoishia.

"Uvimbe ukivuka hapa, tunarudi hospitali. Ukitetemeka kwa baridi, ukipumua kwa shida, uso ukivimba au ukitokwa na vipele, tunarudi saa hiyohiyo. Usijiamulie mwenyewe kuacha dawa. Uliza kwanza."

Mstari! Hapo Timazi alielewa kabisa. Usiku homa ilirudi kidogo, naye akameza dawa yake. Asubuhi aliutazama mstari kabla hata ya kunawa uso. Uvimbe ulikuwa umeugusa, haukuvuka. Siku ya pili ulirudi nyuma upana wa kidole. "Mama watoto, njoo uone!" aliita kwa furaha.

Alimeza vidonge vyote, hata siku ambazo mkono haukuuma tena. Daktari alipomruhusu kufanya kazi, alichukua nyundo, akaubomoa ule ukuta uliopinda. Vumbi likatimka hadi kwa jirani.

"Jirani, unatuua kwa vumbi!" sauti ililalamika.

"Vumilia, jirani! Nikiishia katikati ndiyo hasara!"

Safari hii ukuta ulinyooka. Jiko likapata paa na mlango. Siku ya kuhamia, mkewe aliingia na sufuria, akaliona kopo la misumari kwenye rafu. Akalifunua haraka, akachungulia.

"Unatafuta nini?" aliuliza Timazi.

"Nakukagua."

Ndani mlikuwa na misumari tu. Akacheka, akalifunika, akawasha moto. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha.