Sura Isiyolala

Foronya ilikuwa na doa la rangi ya kutu, na Baba Kitufe alikuwa hajapakwa rangi siku tatu.

Mama Kitufe aliishika juu ya beseni la kufulia akaitazama. Doa lilikuwa na umbo la shavu. Alilinusa. Lilinuka chuma kilicholowa, wala si gundi wala rangi anayoichanganya mwenyewe kazini. Akasugua kwa sabuni hadi vidole vikamuuma, akaanika, akajiambia kwamba mumewe hakuwa ameoga vizuri, basi.

Yeye ndiye aliyekuwa mpambaji wa sura katika filamu ile. Mumewe ndiye aliyekuwa adui wa shujaa arukaye, yule waliyemwita Mfalme wa Kutu. Sura ya Mfalme ilichukua saa nne kuibandika: mpira mwembamba kwanza, kisha gundi, kisha rangi tabaka kwa tabaka, mpaka baba wa mtoto wake anapotea kabisa kwenye kioo na kubaki macho tu.

Kazi hiyo alifundishwa na Bibi Sponji, mzee aliyepamba waigizaji tangu enzi za taa za mafuta, kama alivyopenda kutania. Bibi alimpa masharti mawili. La kwanza, mtu asilale na sura ambayo si yake. La pili, unapoibandua muulize maswali matatu ya nyumbani: mwanao anaitwa nani, asubuhi ulikula nini, nani anakusubiri. Akijibu, amerudi. Mama Kitufe aliyafuata, ingawa mumewe aliyageuza mchezo. Swali la pili hakuwahi kulijibu kwa unyofu. "Nilikula harufu," angesema kila jioni. "Chakula mlimaliza wewe na mwanao." Naye angempiga kofi dogo la pamba begani.

Sharti la kwanza alilivunja kwa huruma. Siku ya kupiga tukio la Mfalme gerezani, taa kubwa iliungua mchana, wakaambiwa wasubiri nyingine. Kuibandua sura na kuibandika upya kungekula siku nzima. Mwongozaji aliomba kwa upole aachwe hivyo hivyo. Mumewe alikuwa hoi, kidevu kimeshuka kifuani. Kijana aliyeigiza shujaa akavua koti lake mwenyewe, akamfunika magoti. Mama Kitufe akaona haya kumwamsha mtu aliyetendewa wema kiasi kile. Akamwacha alale.

Taa ilipokuja, aliyeamka pale kitini aliigiza namna ambayo hakuna aliyewahi kuona. Tukio lenyewe halikuwa na neno hata moja. Mfalme alitakiwa kukaa na minyororo yake na kutazama kamera, basi. Alitazama. Fundi wa sauti alivua vipokea sauti taratibu akaviweka chini. Yule shujaa, aliyesimama mlangoni, alirudi nyuma hatua mbili bila kuagizwa. Mwongozaji alilia kwa furaha, akasema huyu adui watu watamkumbuka mpaka wajukuu. Wakati wa kubandua sura, Mama Kitufe aliuliza maswali yake. Mumewe alimtazama tu kwenye kioo. Mkewe akadhani ni uchovu.

Sasa foronya. Kisha Kitufe, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akimrukia babaye kabla hajavua viatu, akaanza kujificha nyuma ya kabati, akisema yule mjomba ananuka. Kisha ile sauti ya kukwaruza bafuni, mchana kweupe, kama mtu anayeparua bati kwa kijiko, ikianza kila mara mumewe alipofunga mlango na kunyamaza kila mara alipougusa. Siku moja Mama Kitufe hakugusa. Alichungulia tu kwenye upenyo, akamwona mumewe amesimama mbele ya kioo, mikono imening'inia, mdomo umefungwa kabisa, na ile sauti ikitoka ndani ya shavu lake, shavu likipanda na kushuka kana kwamba kuna kitu upande wa pili kinatafuta pa kutokea, na jicho lake moja, bila kichwa kugeuka, likamfuata yeye pale mlangoni.

"Uache wazi, Mama Kitufe," mumewe alisema, midomo haikusogea. "Tunapenda hewa."

Mama Kitufe alimbeba mtoto, hata viatu hakuvaa, akaenda kwa Bibi Sponji.

Bibi hakumgombeza. Alimpa mtoto brashi ya kuchezea, akafungasha pamba, mafuta na beseni, akaja. Walimkalisha mumewe kitini sebuleni, jua likiingia dirishani. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna hata tone la rangi, lakini pamba ya kwanza ilitoka nyekundu ya kutu, na ya pili, na ya ishirini, na beseni likajaa maji mazito yanayonuka chuma huku yule mwanamume akitetemeka na kulia kwa sauti mbili, moja nzito inayocheka na moja ndogo, ndogo sana, inayosihi, na Bibi akiifuata ile ndogo kwa pamba yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ngozi, mpaka ikakatika.

Bibi akauliza, mwanao anaitwa nani.

"Kitufe."

Asubuhi ulikula nini?

"Mkate na chai."

Nani anakusubiri?

"Mke wangu."

Mama Kitufe akamkumbatia, akalia mpaka akakosa pumzi. Bibi Sponji alibaki akiangalia beseni. Alinong'ona kwamba kitu kile kimetoka kirahisi mno, lakini mwenzake hakumsikia.

Miezi ilipita, nyumba imetulia. Mumewe alikuwa mpole, alijibu alichoulizwa, hakutania tena. Madoa hayakurudi. Siku ya kuonyesha filamu waliketi safu ya mbele, mtoto mapajani. Watu walimpigia Mfalme makofi kila alipotokea, na mwanamume aliyekaa kando ya Mama Kitufe akatabasamu gizani.

Likaja tukio la gerezani, lile lisilo na neno. Mfalme akakaa na minyororo yake. Akatazama. Kisha midomo ya kutu ikafunguka, akasema kwa sauti ambayo Mama Kitufe angeitambua hata usingizini:

"Nilikula harufu. Chakula mlimaliza wewe na mwanao."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nyuma yake mtu alisema jamaa anajua kuigiza, ona macho yale, utadhani analia kweli.

Kitufe akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye pazia kubwa la filamu, kama alivyokuwa akifanya mlangoni zamani.

"Mama, Baba yule pale."

Mfalme akasogea karibu, uso ukajaa ukuta mzima, akimtafuta mtu gizani. "Nani ananisubiri nyumbani?" akauliza.

Mama Kitufe alifungua kinywa amjibu. Kiganja kikavu, chenye harufu ya chuma kilicholowa, kikamfunika midomo taratibu.

"Nyamaza, mke wangu," alisema yule wa kando. "Watu wanatazama."