Mstari Usioandikwa na Mtu

Mstari wa kwanza Mwanaheri aliufuta bila hata kuufikiria. Ulikuwa mwishoni mwa maelekezo ya kupokea makontena, umekaa peke yake: Najma kalala. Akadhani ni mawazo ya nyumbani yaliyompitia vidoleni, maana Najma ni bintiye wa miaka mitatu, na asubuhi alimwacha ana homa, Temeke, kwa jirani Bi Shamimu.

Ofisi yao ya kutoa mizigo bandarini ilikuwa Kurasini, moja ya zile zilizochipuka biashara huria ilipofunguliwa. Bosi alinunua kompyuta mpya ambazo hazikuweza kusoma kazi za zamani, kwa hiyo maelekezo yote ilibidi yatolewe kwenye programu ya kuandikia, yaondolewe herufi nene, visanduku na mapambo yote, yabaki maandishi matupu yanayosomeka kwenye mashine yoyote. Kazi wakapewa Mwanaheri na mwenzake, Albano.

Faili lililofuata nalo likatoka na mstari wake: Najma kaamka. Akarudi kwenye faili la asili, akalipekua juu mpaka chini. Mstari haukuwamo. Chumba kikaanza kunukia udi, mchana kweupe. Albano aliponusa alisema hasikii kitu zaidi ya moshi wa malori, akamshauri apumzike.

Akafungua jingine.

Najma kanywa maji. Kanishika mkono.

Hakuaga mtu. Njia nzima hakujua alipita wapi, alijua tu kwamba kila alipotaka kusoma dua maneno yalimponyoka, akabaki kulitaja jina la mwanawe mpaka alipomwona Bi Shamimu kibarazani anachagua mchele.

Bi Shamimu alipomwona, ungo ulimdondoka.

"Mwanaheri," akasema kwa sauti ya chini, "si umeingia ndani sasa hivi? Umenipita hapa, hata salamu hukuitikia."

Ndani, Najma alikuwa amekaa kitandani, mkono ameuinua hewani kama ameshikwa na mtu. Alimtazama Mwanaheri, kisha akageukia pembe tupu ya chumba.

"Mama," akaiuliza ile pembe, "huyu nani?"

Shehe Suhaib aliitwa kabla ya alasiri. Alisoma, akamnywesha mtoto kombe, maji yaliyooshewa aya, akasoma tena, mpaka ule mwili mdogo ukaanza kutikisika na ndani yake ikatoka sauti nzito ya mwanamke mzima, ikilalamika kwamba imejisitiri miaka yote katika mapambo ya yale maandishi, haijamgusa mtu, leo mwanamke huyu kaja kuivua.

"Unataka nini?" Shehe akauliza.

"Aache. Limebaki faili moja. Asiliguse."

Mwanaheri akaapa. Mtoto akapiga chafya, akalala, jasho likimtoka. Alipoamka alimlilia mama yake, akamng'ang'ania shingoni.

Kesho yake Mwanaheri aliacha kazi. Alimwita Albano nje ya geti, akamweleza yote, akamsihi lile faili alikimbie. Albano alimsikiliza kwa heshima, akasema yeye ana sala zake, na bosi anaitaka kazi.

Baadaye akasikia Albano alilimaliza lile faili, na tangu siku hiyo naye haendi tena kazini. Akamfuata kwake Kipawa. Mkewe, Auleria, alimpokea mlangoni, akamnong'oneza kwamba mumewe haumwi popote, ila anakaa tu, na usiku yeye mke na watoto hulala kwa jirani.

Albano alikuwa sebuleni, kanyoosha mgongo, mikono magotini. Alimkaribisha Mwanaheri vizuri, akamuuliza habari za safari. Sauti ilikuwa yake ileile. Mwanaheri akaanza kupumua.

Alipoinuka kuaga, Albano akatabasamu.

"Najma msalimie," akasema taratibu. "Mwambie kwamba mama yake anamkumbuka."