Imerekebishwa kwa Nani?

"Huyo fundi wa meseji za maji nikimpata, nitambebesha ndoo mpaka akome!" Faidha alikuwa akifoka kwenye simu, katikati ya stendi ya Masasi, kitenge chake cha zambarau kimekaa vizuri kiunoni.

Kijana mwenye kompyuta mapajani akainua uso. "Nibebeshe basi, dada. Ni mimi."

Faidha alihudumu kwenye kioski cha maji kijijini Kitangari. Mujibu ndiye aliyetengeneza programu ya kuwajulisha watu bomba likifunguliwa. Waligombana, wakacheka, wakapeana namba. Kabla ya msimu wa korosho kwisha walipendana, na posa ilishatajwa. Kasoro ya meseji kuchelewa ilikuwa bado ipo.

"Nimeimaliza, mpenzi," Mujibu alisema siku moja. "Nimeshaandika 'imerekebishwa' kwenye orodha ya kasoro."

"Umeijaribu wapi?"

"Hapa Masasi, kwenye simu yangu."

Kesho yake meseji ikamfikia Bi Siti, mama yake Faidha. Akabeba ndoo, akakuta bomba limefungwa zamani.

"Mama hataki tena kusikia habari ya posa," Faidha alimwambia kwenye simu. "Anasema huyo husema tayari kabla ya tayari."

"Lakini kwangu ilifanya kazi!"

"Kwani wewe ndiye unayeteka maji?" Akakata.

Mujibu aliumia, na haki yake. Alilifuta lile neno, akapanda gari hadi Kitangari, akakaa kioskini na simu ya kitochi ya Bi Siti mkononi. Kumbe meseji ikikosa mtandao, programu ilingoja saa nzima ndipo itume tena. Masasi mtandao haukosekani, angeyajulia wapi? Akabadilisha.

"Shikamoo, mama. Nimebadilisha, ila sijasema imepona."

"Marahaba. Tutaona."

Asubuhi simu ikalia. Bi Siti akaenda, akarudi na ndoo imejaa. Mujibu akamtazama, hakuigusa kompyuta.

"Leo sawa," Bi Siti alisema. "Ngoja na kesho."

Kesho ikawa sawa, na keshokutwa. Bi Siti akatikisa kichwa kukubali, na Faidha akaivuta kompyuta, akaandika 'imerekebishwa' kwa mkono wake.

"Nakupenda, mkaidi wewe," alisema. "Waambie wazee wako waje."

"Mama amekubali posa?"

"Hilo kamuulize mwenyewe. Mimi simsemei."

Mujibu akavaa viatu, akaelekea jikoni alikokuwa Bi Siti.