Herufi Zisizo na Kutu

Boti ya kutoka Kilwa, upande wa Kongo wa ziwa, ilikuwa imefika, na gati la Nchelenge lilikuwa limejaa magunia ya samaki wakavu, magodoro, kuku waliofungwa miguu na watu waliosukumana kuwahi kivuli. Towela alikaa nyuma ya meza yake akiwa amevaa koti jeupe la idara ya afya, akikagua kadi za chanjo. Miaka mitatu alikuwa hapo. Kwao ni Lundazi, upande mwingine kabisa wa nchi. Kibemba chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kiswahili alikuwa amejifunza mezani hapo hapo, kwa Wakongo waliovuka ziwa.

Zamu ikamfikia mwanaume mrefu, shati la kitenge cha manjano, akimenya muwa kwa kisu cha kukunja.

"Kadi," alisema Towela, lakini macho yalikuwa kwenye kisu. "Na hiyo kisu. Leta."

"Madame, hii ni ya muwa tu! Haiuwake mutu."

"Sikunyang'anyi. Nataka kusoma."

Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaufuta utomvu wa muwa kwa kidole, akainama pale bapa linapoingia kwenye mpini. "A, B, L. Jeshi la Wabelgiji. Na mwaka huu hapa, hamsini na mbili. Umeipata wapi?"

"Kwa muzee moja ya Lukonzolwa. Alikuwa anafungulia makopo." Mwanaume akamtazama kana kwamba yeye ndiye kopo lililofunguliwa. "Miye naitwa Valère. Natengeneza masine za kushona. Bisu ya zamani naonaka mingi sana kule. Nikikupatia, utanisomea?"

Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele. Towela akagonga muhuri kwenye kadi, na kando yake akaandika namba yake ya simu.

Hakuna mtu mjini aliyejua kuhusu visu vyake. Mwaka wake wa kwanza alinunua kisu kikuukuu soko la Kashikishi ili amenyee machungwa. Chini ya uchafu akaona herufi. Akakisugua kwa mafuta ya taa mpaka likasomeka neno Sheffield, mji maarufu kwa visu, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, hakuhesabu saa. Sasa alikuwa na visu arobaini na vitatu ndani ya bati la biskuti, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa, na daftari lenye mchoro wa kila alama. Wenzake kazini walikuwa watu wema. Walimsalimia, wakarudi kwa waume na watoto wao. Yeye alirudi kwa bati.

Simu za Valère zilianza wiki ile ile, karibu kila jioni jua likishuka ziwani.

"Docteur ya bisu, uko muzima?"

"Niko. Soma."

"S, O, L... ngoja, kutu inakula. I, N, G."

"Solingen, Ujerumani. Mpini ni pembe au mfupa? Ukiona vitundu vidogo vyeusi kama ncha ya sindano, ni mfupa."

"Iko na bitundu. Eh, chérie, unaona mpaka Kilwa?"

"Nani amekuambia mimi ni chérie, mpenzi wako?"

"Basi nafuta. Bonsoir, madame." Kisha, kabla hajakata: "Bonsoir, chérie."

Kwa miezi mitano alimletea visu tisa. Walikula chikwangue, mkate wa muhogo, na samaki wa kukaanga karibu na gati, goti likigusa goti, wakizungumza springi na ribiti za visu. Towela akaanza kuvaa hereni siku za boti.

Kisu cha kumi ndicho kilichoharibu mambo. Valère alikitoa mfukoni kwa fahari, akiwa amenyoa ndevu. Bapa lilikuwa la zamani, limeandikwa Sheffield na mwaka 1911. Towela akaweka kioo machoni. Kutu ilifunika bapa zima, lakini ndani ya herufi hapakuwa na hata chembe. Chuma kilimeremeta. Zilikuwa zimechongwa juzi. Na Sheffield ilikuwa na F moja.

"Nani ameandika hii?"

Valère akasogeza sahani yake ya samaki.

"Ni wewe?"

"Ni miye."

"Kwa hiyo na vile vingine? Umekuwa ukinicheka?"

"Towela, bile bingine ni bya kweli, naapa..."

Hakumsubiri. Alikiacha kisu kando ya sahani, akaondoka. Simu zake hakupokea, na baada ya wiki mbili hazikuja tena. Jioni zikarudi urefu wake wa zamani. Alitoa visu vyote tisa, akavikagua kimoja kimoja. Vilikuwa halisi, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu sasa hakuelewa kitu. Akaandika barua ya kuomba uhamisho kurudi Lundazi. Jibu lilikuja haraka kuliko alivyotarajia: amekubaliwa, wiki tatu zimebaki.

Jumamosi iliyofuata alipanda boti ya asubuhi kwenda Kilwa, akamuulize Valère sababu kabla hajahama. Miaka yote alikuwa akiwagongea watu kadi za safari hii, na yeye hajawahi kuvuka.

Alielekezwa kwenye kibanda kilichojaa cherehani zilizofunguliwa. Valère alisimama na bisibisi mkononi, amekonda. Juu ya meza yake kulikuwa na vipande vya bati, ishirini au zaidi, vyote vimegongwa S, H, E, F. Vingine herufi zimepinduka. Vingine amevunja kabisa.

"Juu ya nini ulinidanganya?" aliuliza Towela.

"Bisu biliisha." Alisema akitazama bisibisi. "Nilizunguka mpaka Pweto, hakuna. Nikasema, bisu bikiisha, nitamupigia simu niseme nini? Weye ulikuwa unaniambiaka tu, soma. Hata siku moja haukuniuliza nimeshindaje."

Ni kweli Towela hakuwahi kuuliza. Alivuta kigoda, akakaa.

"Umeshindaje?"

"Mubaya."

"Mimi pia." Akavuta pumzi. "Ninahamishwa. Lundazi. Nimeomba mwenyewe, nikiwa na hasira."

Valère akaweka bisibisi chini taratibu. "Ni mbali?"

"Siku mbili za basi."

"Kule bantu banashona nguo?"

"Wanashona."

"Basi masine zinaharibikaka." Akapangusa mafuta mikononi. "Nikikuja kuona baba yako, nimuombe... atanifukuza?"

Nahodha alikuwa akiita abiria wa kurudi. Towela aliinuka, akamshika mkono kwa muda mrefu, akaenda.

Boti ilikuwa mbali na nchi kavu simu ilipolia.

"Utakula nini leo?" aliuliza Valère.

"Mayai. Na nyanya, kama zipo."

"Peke yako?"

"Peke yangu." Upepo ukavuma kwenye simu. "Valère, una koti?"

"Koti gani?"

"La suti. Baba hawezi kuongea na mkwe asiyevaa koti."

Akasikia kelele upande wa pili, kicheko au kilio, hakujua, kisha mtandao ukakatika. Towela akabaki ameishika simu sikioni katikati ya maji, na mama aliyeketi jirani yake akamuuliza kwa Kibemba kama kuna aliyefariki.

"Hapana, ba mayo," alijibu, akijipangusa macho. "Hapana."