Walimtafuta Mwanangu kwa Kupiga Madebe

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na tatu. Nilizaliwa Marui, Kisarawe, nikaolewa Gwata, upande wa Kibaha, na sasa nimerudi Marui kwa mama yangu nikiwa na mtoto mmoja wa kiume. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nisameheni nikikosea. Mkasa huu nilikusudia kufa nao. Ila wiki hii limetokea jambo, nikaona nikiendelea kunyamaza nitamponza na huyu niliyebaki naye.

Mume wangu anaitwa Shomari. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima hodari, haonji pombe, wala hakuwahi kuninyanyulia mkono. Watoto wetu wawili wa kwanza walifariki wakiwa wachanga. Alipozaliwa wa tatu, msichana, akalia kwa nguvu, tukamwita Tatu na kumshukuru Mungu.

Alikuwa mzuri, jamani! Lakini umri wa kusema ulifika, hakusema. Ukimwita, hageuki. Nilidhani ni kiziwi... mbona basi kinu kikitwangwa nyumba ya pili alikuwa akiziba masikio na kupiga yowe? Hakucheza na wenzake. Alikaa upenuni peke yake akipanga korosho mstari mrefu, na ole wako uisogeze hata moja! Ukimshika ghafla, anakung'ata. Akikutazama, macho yake yalikupita, kana kwamba nyuma yako amesimama mtu mwingine.

Tulipokuwa tukiishi mashambani, mbali na watu, haikuwa taabu. Taabu ilianza tulipohamishiwa kijijini, nyumba zikajengwa karibu karibu. Sasa kila yowe la Tatu lilikuwa na wasikilizaji. Nikifika kisimani, wanawake wananyamaza. Nikipita naye, watoto wanaitwa ndani. Asubuhi moja nikakuta majivu yamemwagwa kuzunguka mlango wangu. Nani aliyamwaga? Mpaka leo sijui.

Wifi yangu Mwamvita, dada mkubwa wa Shomari, ndiye aliyelisema wazi. Alikuwa mjane, tukikaa naye nyumba moja. Alisema Tatu si mtoto wa mtu! Alisema mwanetu halisi alichukuliwa na kinyamkera, yule pepo wa mwituni, siku nilipomlaza kivulini nikipalilia, na kwamba huyu tuliye naye ni wa kwao, tumeachiwa tulee.

"Ndiyo maana haitiki," aliniambia. "Jina si lake."

Nilimwangalia Shomari nikitegemea atamkanya dada yake. Hakumkanya. Aliinuka akatoka nje.

Siku iliyofuata nilimbeba Tatu mpaka zahanati, na zahanati ikanituma hospitali ya Kibaha. Huko nilimpata daktari mmoja mwenye subira. Alikaa chini sakafuni karibu na mwanangu, akamwangalia muda mrefu bila kumgusa. Kisha akaniambia ugonjwa ule una jina la Kizungu, ambalo ulimi wangu mpaka leo unashindwa kulibeba. Aliniambia si pepo, si laana, wala si kosa la mama. Akasema hauna dawa ya kumeza wala sindano, ila mtoto akifundishwa taratibu anaweza kusogea. Nililia kama mtoto mdogo! Mtu ameniambia si kosa langu!

Tukaanza kwenda kliniki. Alikuwepo nesi mtu mzima aliyekuwa akitufundisha mimi na Tatu pamoja. Tumia neno moja, usimrundikie maneno. Usimwite kwa makelele, msogelee kimya, kaa karibu naye, mngoje. Fanya mambo yake kwa utaratibu uleule kila siku. Nilirudi nyumbani nikafanya hivyo hivyo. Mwamvita alicheka akasema serikali imenifundisha kulea jini.

Miezi ikapita. Siku moja namenya muhogo, Tatu akaja, akanishika mkono, akausukuma kwenye muhogo na kusema, "Hogo."

Hogo! Neno la kwanza la mwanangu, naye ameshang'oka meno ya mbele! Niliangusha kisu. Shomari mwenyewe alilisikia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile niliamini tumevuka...

Kumbe ndiyo kwanza tunaingia.

Nilishika mimba tena, na wakati ule ule Shomari akachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Heshima ikaingia nyumbani, na fitina nayo ikaingia. Watu walianza kuuliza, balozi gani anaamua kesi za watu na kwake mna kichaa? Shomari akawa hatulii. Akirudi mkutanoni alikaa na dada yake wakinong'ona, na nikitokea wananyamaza.

Nilijifungua kwa shida sana. Vijana wetu walikuwa vitani mpakani, ndiyo maana mtoto akaitwa Kondo, yaani vita. Nilipoteza damu nyingi, homa ikanishika, arobaini ikapita sijaweza kutembea mpaka barabarani. Na kliniki ya Tatu je? Shomari akanituliza. Akasema nisihangaike, atampeleka yeye kwa baiskeli.

Nilimshukuru, wasomaji. Nilimwombea dua mume wangu!

Mara ya kwanza walirudi jioni, Tatu amelegea, ananuka moshi. Shomari akasema njiani watu wanachoma mashamba. Mara ya pili nilipomwogesha nilikuta chale kifuani. Shomari akasema ni sindano za aina mpya. Sindano? Si daktari aliniambia ugonjwa huu hauna sindano? Nikamuuliza. Akajibu kwa ukali, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwamba mimi si daktari.

Baada ya hapo Tatu alibadilika. Neno lake moja likapotea. Aliacha kula mkononi mwangu. Akisikia kengele ya baiskeli ya baba yake, anaingia uvunguni na kung'ang'ania mguu wa kitanda. Na Mwamvita, ambaye miaka yote hakumgusa, sasa alikuwa akimpaka mafuta kichwani kila asubuhi huku akisema maneno nisiyoyasikia vizuri.

Moyo wangu ulikuwa unaniambia. Lakini mgonjwa wa kitandani ana nguvu gani? Na ningewezaje kumdhania hivyo baba wa mtoto?

Asubuhi moja Shomari alimfunga Tatu kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli wakaondoka. Tatu alilia mpaka sauti ikapotelea mbali. Jua lilipopanda ikaja gari ya chanjo, nami kwa mara ya kwanza nikajikongoja na Kondo mpaka ofisi ya kijiji. Nani nilimkuta pale akichanja watoto? Yule nesi wetu wa kliniki!

Alifurahi kuniona. Kisha akaniuliza, "Mama Tatu, mbona mlituacha? Tatu yuko wapi?"

Nikamwambia, "Si yuko kwenu? Baba yake amemleta leo."

Nesi akaiweka sindano chini. "Mama, tangu ujifungue hatujamwona. Na leo sisi wote tuko huku."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mwamvita alikuwa akichambua mchele. Nilimuuliza mwanangu yuko wapi. Hakuinua hata uso.

"Amepelekwa Vihingo kwa mganga," akasema. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Leo anarudishwa kwa wenyewe, na wetu ataletwa."

Anarudishwa! Wasomaji, mmeelewa neno hilo? Mimi nililielewa!

Nilimfunga Kondo mgongoni nikatoka mbio. Lori lililobeba korosho lilinichukua mpaka Mlandizi, jingine likanisogeza njia ya Mzenga, na kipande kilichobaki nilikwenda kwa miguu, damu ikinichuruzika mapajani. Kila niliyekutana naye nilimuuliza njia ya kwa mganga. Wapo walionielekeza bila kunitazama usoni.

Kabla sijafika nilisikia sauti kutoka porini. Madebe! Watu wanapiga madebe na kupuliza mapembe, wanaita kwa pamoja, "Tatuuu! Tatuuu!"

Uwanjani kwa mganga nilimkuta Shomari, shati limechanika, midomo imekauka. Alipiga magoti aliponiona. Aliniambia walimfungia Tatu kwenye kibanda kilichojaa moshi wa kufukiza, na ngoma zikapigwa ili kinyamkera aje amchukue wa kwake. Ngoma zilipopamba moto Tatu alibomoa ukuta wa makuti akakimbilia msituni. Wanakijiji wakaja kumsaidia kutafuta. Mganga hayupo, ametoweka na mikoba yake.

Nikapiga kelele, "Waambie wanyamaze! Mnamfukuza! Hamumwiti, mnamfukuza!"

Nani wa kunisikia? Walikuwa wema wale watu. Waliacha kazi zao kumtafuta mtoto wa mgeni. Lakini kila debe lililopigwa lilimsukuma mbele zaidi, na kila aliyemwita alimwita mtoto ambaye hajapata kuitika jina lake. Niliingia msituni nikimshika huyu mkono, nikimnyang'anya yule debe, nikiwabembeleza, "Kaa kimya, baba, kaa kimya, mwanangu anaogopa..." Upande mmoja ulinyamaza. Upande wa pili ukaendelea.

Walimkuta jioni ile ile, jua halijazama. Alikuwa ndani ya shimo la maji ambamo watu wa huko huchota wakati wa kiangazi. Mikono yake ilikuwa bado imeziba masikio.

Siwezi kuandika zaidi kuhusu hapo.

Tulimzika Gwata. Kesi ililetwa kwenye baraza la kijiji, na waliokaa kuamua, kama nilivyokuja kujua, ni wale wale waliomshauri Shomari tangu awe balozi asafishe nyumba yake. Wakasema ni ajali. Wakasema ni kazi ya Mungu. Mmoja akathubutu kuniambia nishukuru, kwani sasa nitapumzika. Mwamvita hakutoa chozi. Alisema matangani mbele ya watu kwamba mganga angeachwa amalize kazi, mtoto wetu halisi angekuwa amesharudi.

Shomari alilia. Nasema kweli, alilia na hakula siku nyingi. Aliniambia, "Nilitaka apone, Mama Tatu. Nilitaka tuwe kama watu." Nilimwamini. Ndilo linaloniuma kuliko yote! Angekuwa adui ningemchukia nikapumua. Lakini alimpenda mwanawe, na mapenzi hayo hayo, yalipochanganyika na aibu, ndiyo yaliyomfunga kwenye kiti cha baiskeli.

Nilichukua kanga zangu na Kondo nikarudi kwetu Marui.

Sasa niwaambie kilichonishikisha kalamu. Kondo anakaribia miaka mitatu. Ni mnene, ana afya, na bado hajasema neno. Ukimwita, hageuki. Mama yangu alianza kuniona nikimwita mtoto mara kwa mara, akanyamaza, nami nikanyamaza, kila mmoja akiogopa kulisema. Mwishowe nilimpeleka mwenyewe Kibaha. Daktari ni yule yule. Alimtazama Kondo, kisha akanitazama mimi, na kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshajua. Aliniambia hutokea ndugu wakafanana kwa jambo hili. Aliniambia pia nimewahi mapema safari hii, na kwamba mapema ni nusu ya kazi. Tumeanza kliniki. Safari ni ndefu, tunalala kwa watu njiani, lakini tunafika. Mwezi uliopita Kondo alikubali kukaa mapajani kwa yule nesi.

Wiki hii wakaja wageni. Shomari, na nyuma yake Mwamvita. Sijui nani aliwapelekea habari. Mwamvita alisimama akimwangalia mtoto akizungusha kifuniko cha sufuria, akamwambia mdogo wake kwa sauti ndogo, lakini niliisikia: "Na huyu pia."

Shomari amekonda, nywele zimeingia mvi. Alimwamkia mama yangu kwa adabu, akapokea maji, akasema amekuja kumchukua mwanawe. Nikamwambia atembee nami mpaka kliniki, amsikilize daktari kwa masikio yake mwenyewe. Aliangalia chini, halafu akamwangalia dada yake...

Alimwangalia dada yake, wasomaji!

Mjomba wangu akawaambia mtoto hatoki, mambo haya yana wazee wake na mahakama ipo. Shomari akajibu kwa upole kwamba mtoto ni wa baba, na kwamba atarudi na wazee wake. Nimekwenda kwa katibu kata kueleza. Ameniambia watalizungumza.

Ninawasihi, akina mama wenzangu na akina baba pia. Mtoto wako akiwa haitiki, hasemi, hakutazami usoni, usimkabidhi kwa aibu ya watu wengine. Mpeleke hospitali wewe mwenyewe. Ukiugua, omba mtu umwaminiye, kisha uulize tena na tena alikopelekwa, hata kama unayemuuliza ni mumeo, hata akikasirika. Na ukiona kovu usilolijua kwenye mwili wa mwanao, usingoje upate nguvu ndipo ufuatilie. Mimi nilingoja nipone.

Niombeeni. Shomari alisema atarudi wakati wa mavuno, na mahindi huku kwetu yameshaanza kukauka.