Mbiu Isiyopekuliwa

Kila ujumbe uliotumwa katika mji wa Tongoni Mpya ulipita kwanza kwa Bawabu, mashine isiyolala wala kuchoka. Ilizipekua picha, ikavichungulia viungo, na kirusi chochote kilichojibanza ndani kiliteketezwa kabla simu ya mpokeaji haijalia.

Aliyeiunda ni Mhandisi Siwema. Mlango mmoja tu aliuacha bila ulinzi: mbiu za misiba. Watu walikuwa wamelalamika kwamba upekuzi uliichelewesha mbiu na kuwakosesha mazishi, na wazee wakasema habari ya maiti haiwekwi kizuizini. Akawaridhia.

Asubuhi moja aliletewa mbiu kwa jina la binamu yake: Ami Shehe amefariki, ramani ya makaburini imeambatishwa. Apokeaye mbiu huipitisha, ndiyo ada. Siwema aliipeleka katika kundi la ukoo bila kumpigia mtu yeyote kuuliza.

Punde simu ililia.

"Siwema! Nani kanizika, nami hata chai sijamaliza?" Alikuwa Ami Shehe mwenyewe, akicheka. "Au mmechoka kunisubiri?"

Siwema aling'amua kwamba ramani ile ilibeba kirusi, naye ndiye aliyekisambaza. Kundini alikuwamo shangazi yake, Bi Mwanakombo, aliyemlea tangu utotoni. Moyo wa bibi huyo uliendeshwa na kisukumadamu, mashine ya kando ya kitanda iliyounganishwa na kundi lile, ili jamaa wayasome mapigo yake.

"Ami, kimbilia chumbani kwa shangazi! Mashine ina mpini ubavuni, uzungushe kwa mkono!"

Alisikia kandambili zikipiga sakafu, mlango ukisukumwa, mpini ukikwaruza.

"Nimezungusha, mwanangu," Ami alisema hatimaye. "Dada yangu hajibu."

Ofisini mkuu wake alimfariji: taarifa ingemtaja binamu, kwani simu iliyodukuliwa ilikuwa yake. Siwema alitangaza onyo kwa mji mzima: mtu asifungue kiambatisho chochote, hata cha msiba, kabla ya kumpigia mtumaji na kuisikia sauti yake. Kisha akaandika mbiu ya shangazi, safari hii ya kweli.

Jamaa walilitii onyo. Hakuna aliyeifungua mbiu hiyo; walimpigia, mmoja baada ya mwingine.

"Ni kweli, dada, au ni mzaha tena?" aliuliza wa kwanza.

"Ni kweli."

"Innalillahi! Na ile ya uongo, nani aliileta kundini?"

"Ni mimi," Siwema alisema. "Nami ndiye niliyeuacha mlango wazi."

Simu ikakatwa upande wa pili. Kabla hajaiweka mezani, ikalia tena.