Papai Lililobaki Garini

Magharibi ilikuwa karibu kuingia Malak alipomtuma mumewe mkate wa mofa wa futari. Aidarus hakuudhika kutumwa. Alikuwa na furaha isiyomruhusu kukaa kitako, akaliacha gari akaenda kwa miguu. Simu yake ilikuwa ikilia tangu alasiri, na kila aliyepiga alikuwa na neno lile lile: hongera, umemwokoa mtu wako.

Kazi yake ndiyo hiyo. Mwanasiasa akiharibu, huitwa Aidarus. Yeye ndiye hutunga la kusema, huamua nani alie mbele ya kamera na nani afunge mdomo, na punde si punde watu huwa wanazungumzia jambo jingine. Likoni nzima walimwita Zimamoto. Jina alilipenda, ingawa moto mwingi aliuzima kwa kuwafunika walioungua.

Moto wa safari hii ulikuwa mkali. Gari la Thoya, mgombea wake, lilimgonga kijana Katana kule Bofu jioni moja, likapita bila kusimama. Katana akafa pale pale barabarani. Thoya akakana, kwa maneno aliyotungiwa na Aidarus: gari halikutoka siku hiyo, mheshimiwa alikuwa kwake, haya ni maadui wanamchafulia jina. Lakini Kafedha, mamake Katana, hakwenda redioni kulia. Alitaka kiraho.

Kiraho ni kiapo cha wazee wa Kimijikenda. Mwenye kiraho, mzee wa kuapisha, hulisomea papai na kulifukiza mapema, kisha likakatwa, na mtuhumiwa akalila mbele ya watu. Msema kweli hula tunda tu. Mwongo huvimba ulimi hadi pumzi ikose njia, asipotubu.

"Mkubalie," Aidarus alimwambia Thoya. "Ukikataa umejihukumu. Ukila hadharani, umeshinda."

Thoya alitokwa na kijasho chembamba. Yeye amezaliwa nayo mambo hayo. Aidarus hakuyaamini, lakini katika kazi yake hakuachia jambo bahati. Ndiye aliyeleta hema, viti na vipaza sauti, akajitolea kumleta mwenye kiraho pia kwa gari lake. Mwenye kiraho aliposhuka kusalimiana na watu, kikapu chake kikabaki nyuma kwa muda mfupi. Muda huo ulitosha. Thoya alikula papai la sokoni Kongowea mbele ya kamera, akajipangusa mdomo, na watu wakampigia vigelegele. Lile lililosomewa likabaki chini ya kiti, la kwenda kutupwa baharini.

Sifa zikamlevya Zimamoto. Akasahau.

Aliporudi na mkate, adhana ilikuwa imekwisha. Bintiye Israa, siku hiyo, alikuwa amefunga kutwa nzima kwa mara ya kwanza maishani, na mtoto wa namna hiyo hupewa kufungua kabla ya wote. Aidarus akavua viatu mlangoni. Akasita.

Harufu... Papai bivu. Na nyuma yake, moshi wa kitu kilichofukizwa.

"Papai tamu hili, Baba Israa," Malak alisema. "Umelinunua wapi?"

"Papai gani?"

"Lile la garini. Nililiona nikichukua mkoba wa Israa."

Sahani ilikuwa na maganda tu. Israa alikuwa akilamba vidole.

Aidarus akaketi. Akajipoza. Msema kweli hula tunda tu. Na mtoto mdogo ana uongo gani?

Hapo akakumbuka.

Jioni ile Katana alipogongwa, Israa alikuwa kiti cha nyuma. Walimpitia madrasa kwa gari la Thoya, Thoya mwenyewe akiendesha, na Aidarus alikuwa kando ya mtoto. Israa alisikia kishindo. "Baba, tumemgonga mtu," alisema, na babake akamziba macho kwa kiganja. Nyumbani akamfunza kwa upole, kama anavyomfunza sura fupi: ukiulizwa, sema twalikuwa nyumbani. Na aliulizwa. Kafedha mwenyewe alikuja langoni, akachutama mbele yake. "Mwanangu, naambiwa gari lilikuwa na mtoto ndani. Ni wewe?" Israa akamtazama babake kwanza. Kisha akajibu vizuri mno: "Twalikuwa nyumbani." Aidarus alimsifu kwa hilo.

"Israa," aliita sasa.

"Abee, Baba... ulimi waniwasha."

Ulikuwa umevimba tayari.

Wakamtia garini. Malak alimpakata nyuma, akisoma kila dua aliyoijua, huku Aidarus akipiga honi kama mwendawazimu na barabara imejaa watu wa futari. Pumzi ya mtoto ilianza kupiga mluzi. Fii... fii... Aidarus akapiga simu kwa Kafedha, akaiweka sauti ya juu.

"Nilikuwa naingoja simu hii," Kafedha alinong'ona. "Mwenye kiraho aniambia papai alilokula Thoya si lake. Nani amelila?"

"Mtoto wangu."

Mama yule akaanza kulia.

"Mimi sikumtaka mtoto, Aidarus. Wallahi sikumtaka. Sema kweli upesi. Wewe ndiye uliyemtia uongo, mtoe. Sema tu gari lile lilikuwa la nani."

Lilikuwa jambo jepesi. Aidarus alitaka kulisema kwa moyo wake wote. Akafungua kinywa.

"Mheshimiwa anaungana na familia katika wakati huu wa majonzi..."

Malak akainua kichwa. "Baba Israa?"

Akajaribu tena, machozi yakimtiririka. "Madai hayo hayana msingi wowote, na yanaenezwa na..."

Sauti ni yake. Maneno ni yake. Hakuyataka, nayo yalitoka tu, laini, moja baada ya jingine, na mluzi ule nyuma ukazidi kuwa mwembamba.

Fii...

Kisha ukakatika.

"Israa!" Malak alipiga ukelele.

Mtoto akajikunja kifuani mwa mamake, akausukuma ule ulimi mzito kwa nguvu zake zote.

"Tu... tumemgonga," alisema. "Nilikuwemo."

Akavuta pumzi. Pumzi ndefu, nzima. Na kwenye simu, Kafedha akasema polepole, "Asante, mwanangu," akakata.

Daktari alisema ni mzio. Papai huwadhuru baadhi ya watoto. Huenda. Malak hakubishana naye. Kulipokucha alikwenda polisi na bintiye, wakaeleza yote, na Thoya akakamatwa kabla ya mwezi kuandama. Aidarus aliitwa pia. Askari walimuuliza swali moja mara nyingi, naye akawajibu kwa ufasaha hadi wakachoka.

Siku ya Idi Israa alimkuta babake ukumbini peke yake, ametoa ulimi mbele ya kioo. Ulimi ulikuwa mzima, mwekundu, hauna hata kipele. Yeye hakuonja papai lile. Hata kipande.

"Baba," mtoto alisema, akisimama mbali kidogo. "Hapa hapana mtu. Niambie mimi tu. Jioni ile tulikuwa wapi?"

Aidarus akapiga magoti. Alimpenda mtoto huyu kuliko roho yake. Akamshika mikono, akajikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akafungua kinywa, na harufu ya papai bivu ikajaa ukumbi.

"Twalikuwa nyumbani," kinywa kilisema.

Israa akaitoa mikono yake taratibu.